Ukurasa wa Baridi

Katandala, Sumbawanga
4 Machi 2024

Kwako shemeji Theodory,

YAH: TAARIFA RASMI KUHUSU UGALI

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kutafakari athari zake kwa amani ya Nyanda za Juu zote, napenda kukutaarifu kwamba jana jioni mimi Ambwene, mwalimu wa jiografia, mume wa dada yako, Mnyakyusa niliyelelewa kwa ndizi, nimesonga ugali kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa na mabonge. Bonge moja lingetosha kufundishia somo la volkano. Lakini umeliwa. Dada yako ameumaliza bila neno, na hadi naandika hakuna aliyelazwa.

Sasa niache mzaha, maana huko halmashauri mnasoma aya ya mwisho tu.

Nina shida ya kitaalamu, na katika ukoo niliooa fundi wa kompyuta ni wewe. Shuleni tunataka kuweka maarifa ya walimu mahali pamoja. Nimesikia kuna programu za wiki. Siyo wiki ya siku saba, ni zile za kurasa ambazo mtu anaandika, mwenzake anarekebisha, na ukurasa mmoja unakupeleka kwenye mwingine. Nataka ya bure, ikae kwenye mashine yangu mwenyewe, isitegemee mtandao wala kampuni ya ng'ambo itakayoamka siku moja na kutufungia mlango. Nina laptopu ya zamani. Betri imekufa, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Itafaa?

Modesta anakusalimu. Angekuandikia mwenyewe, ila bustani imemshika.

Shemeji yako,
Ambwene


Namanyere
7 Machi 2024

Shemeji Ambwene, shikamoo.

Taarifa ya ugali imepokelewa na kusomwa kwa sauti hapa ofisini. Mboje wa manunuzi anauliza dada amesafiri au vipi, maana kwake yeye Mnyakyusa hashiki mwiko mpaka kuwe na msiba au uchaguzi. Nimemwambia ni mapenzi. Halafu, shemeji, ni nani siku hizi anaandika baruapepe yenye anwani na "Yah"? Nilidhani unaomba uhamisho.

Tuje kwenye shida yako. Wiki za bure ziko nyingi. MediaWiki ndiyo kubwa, ina nguvu, lakini inataka hifadhidata pembeni yake, na hifadhidata inataka mtu wa kuihudumia kama ng'ombe wa maziwa. Kwa mgonjwa wako wa dripu mimi ningeweka DokuWiki. Kila ukurasa ni faili la maandishi tu. Mashine ikifa, unachomoa diski unakwenda kusoma faili zako popote. Zote mbili ni programu huria, hulipi kitu, na mnaweza kuzitumia bila mtandao. Kila mwalimu mpe jina na nywila yake, tujue nani kaandika nini.

Nampigia dada simu hapokei. Mwambie nimenuna.

Mdogo wenu,
Theodory


Katandala
19 Machi 2024

Shemeji,

Hiyo ya mafaili ya maandishi nimeipenda. Kitu ambacho hakifi pamoja na mashine ndicho ninachotafuta.

Lakini nywila haiwezekani. Walimu wangu hawakumbuki. Ukiwapa neno la siri asubuhi, mchana limekuwa siri hata kwao. Nataka mtu akae tu, aguse, afungue. Maandishi yawe makubwa, yale ya kusomeka bila miwani. Iweze kuweka picha ya mtu na jina lake chini yake. Kila ikifunguliwa ianzie ukurasa uleule. Mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya, tuweze kukirudisha. Na nitaweka ukurasa wa kuonyesha choo kilipo, kwa ajili ya wageni.

Usihangaike kuja. Barabara yenyewe unaijua, na mimi si mtu wa kumtoa mtumishi wa umma kazini kwa sababu ya laptopu. Niwekee kila kitu kwenye flashi, mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi.

Dada yako hajambo. Simu yake imekuwa na matatizo.

Ambwene


Namanyere
22 Machi 2024

Shemeji, shikamoo.

Walimu wasiokumbuka nywila, wasiojuana sura, na wasiojua choo kilipo! Hiyo ni shule au ni kilabu cha pombe ya kimpumu jioni ya mavuno? Nawahurumia wanafunzi.

Flashi anayo kondakta, anaitwa Kasmir, kofia nyekundu. Nimekuandikia maelezo hatua kwa hatua. Hiyo ya kuingia bila nywila nimeiruhusu. Ingewekwa kwenye mtandao wa nje nisingekubali, lakini kwenye mashine iliyo ndani ya nyumba haina ubaya. Kitu kikifutwa, matoleo ya zamani yanabaki, unarudisha lile unalolitaka.

Simu yangu ni nzima. Mwambie dada hivyo.

Theodory


Katandala
30 Aprili 2024

Shemeji Theodory,

Inafanya kazi! Nimeishinda mashine. Ilinishinda kwanza mara nyingi, nikaiomba msamaha, nikarudia maelezo yako toka mwanzo, ikakubali. Naandika kurasa kila jioni. Kidole changu kimoja cha kuchapia kimepata sugu.

Habari nyingine ni kwamba nimepandishwa cheo. Siyo serikalini, huko wamenisahau. Ni hapa nyumbani. Juzi narudi kutoka shule, namkuta dada yako sebuleni. Akapiga magoti, akakunja viganja, akanipigia yale makofi yenu ya polepole, uso ameugeuza pembeni. Akaniletea kiti, akaniletea maji. Miaka yote ya ndoa sijawahi kupewa heshima ya namna ile! Nikakaa nikajiona chifu. Akaanza kunisemesha Kifipa kirefu, nami nikaitikia kama Mnyakyusa yeyote anavyoitikia ukweni: eeh, eeh. Jana tena vilevile, na leo tena. Nadhani ni ule ugali wangu.

Chifu wa Katandala,
Ambwene


Namanyere
2 Mei 2024

Shemeji, shikamoo.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, na sikucheka.

Mama yetu Justina, Mungu amrehemu, alitufundisha makofi yale tukiwa wadogo. Kwetu ni ya mgeni. Mtu anayefika kutoka mbali, usiyemjua kwao, unampigia vile na kumpa kiti. Mtu wa nyumba ile hapigiwi. Ukimpigia unamwambia kwamba hapa si kwake. Dada aliwahi kumpigia baba kwa utani, mama akamchapa na mwiko, akalia mpaka jioni. Hawezi kukosea jambo lile. Na kama ni mzaha, asingerudia siku tatu.

Shemeji, dada anakujua wewe ni nani?

Hiyo wiki ni ya nani?

Theodory


Katandala
11 Mei 2024

Theodory,

Ni ya Modesta.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka, nikaenda kukagua mabomba ambayo hayakuwa na tatizo. Sasa nimerudi.

Ilianza na chumvi, akawa anatia mara mbili. Halafu akaanza kuniuliza Loth anarudi saa ngapi kutoka shule, na Loth wetu ni mtu mzima, yuko kazini Mtwara. Mwezi wa kwanza tulipowaambia tunakwenda msibani Mbeya, hapakuwa na msiba. Nilimpeleka kwa daktari. Alisema ni ugonjwa wa kusahau, umemwanza mapema, na hauna njia ya kurudi nyuma. Tukatoka pale, Modesta akaniuliza aliyekufa ni nani.

Ndipo nikafikiria hizo kurasa. Anachosahau nitakiandika, kitamngoja pale. Kusoma bado anasoma vizuri kuliko mimi. Si bure alifundisha darasa la kwanza miaka yote ile. Anafuata kwa kidole, kwa sauti: "Huyu ni Ambwene. Ni mume wako. Usimwogope." Akimaliza ananigeukia, anapiga magoti, ananipigia makofi. Mimi mjinga nikakuandikia nikijisifu uchifu.

Kiswahili anakisoma lakini hakimwingii tena. Ni kama taarifa ya habari ya nchi nyingine. Akiwa na njaa, akiwa na baridi, akimtaka mama yake, ni Kifipa, na mimi ndani ya nyumba yangu sijui mke wangu anaomba nini. Nimekaa na nyinyi miaka yote hii nikijua kusalimia tu na kuomba kimpumu.

Sikuwaambia kwa sababu mama Justina alinikabidhi Modesta mbele ya watu, akasema, "Mnyakyusa, huyu ukimchoka mrudishe mzima." Sijamchoka, lakini mzima sina wa kumrudisha.

Usije kumchukua, nakuomba. Akipanda basi la Namanyere hatarudi, maana hatakuwa na wa kumkumbuka huku. Hayuko peke yake. Mchana yuko na binti wa kazi, Suma, mtu wa kwetu Rungwe, mpole. Ukitaka kunisaidia, niwekee zile kurasa kwa Kifipa. Nimekuambatishia faili.

Ambwene


Namanyere
20 Mei 2024

Shemeji, shikamoo.

Nilikasirika. Nikakuandikia barua mbaya, nikaifuta. Mke wangu Salome aliniambia, "Mtu anasonga ugali wenye mabonge tangu Machi, na wewe unamtukana?"

Kurasa hizi hapa, zote kwa Kifipa cha nyumbani, siyo kile cha kanisani. Wa sweta, wa kunawa, wa kwako wewe. Kwenye wa kwako nimeongeza jambo: kwamba ndiye aliyekuja kuoa akadondoka kwenye matope mbele ya wakwe. Hilo alilicheka miaka yote, huenda bado lipo.

Ukurasa wa baridi nimeuandika kama mama alivyokuwa anatuambia. Kiberiti kiko kwenye kopo. Washa jiko la mkaa uani. Ngoja moshi uishe, mkaa uwe mwekundu. Fungua dirisha. Ndipo ulete jiko ndani. Najua Suma yupo, lakini unamjua dada, akisikia baridi hamsubiri mtu. Na Juni hiyo inakuja.

Salome anasema anaweza kuja kukaa nanyi mpaka baridi iishe. Yuko tayari hata kesho. Nijibu hilo.

Theodory


Katandala
16 Juni 2024

Shemeji wangu Theodory,

Nina habari, na leo sina nguvu ya kuifanyia mzaha.

Nimemwekea kurasa zako. Alisoma wa kwanza kwa kidole, akasimama katikati. Akacheka. Akarudia mstari uleule, akacheka tena, akaanza kunieleza jambo huku ananishika mkono. Ukurasa wa sweta aliusoma, akainuka, akaenda kabatini, akavaa sweta! Miezi mizima nimekuwa nikimvisha kama mtoto. Anafanya kila unachomwambia, Theodory. Mimi nilikuwa namsemesha kwa nyuma ya ukuta, wewe umeingia mlangoni.

Halafu akafika ukurasa wangu. Akasoma ule mstari wa matope. Akanitazama muda, mimi nimesimama kama mtahiniwa. Hakunipigia makofi. Akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi ya kukaa.

Siku iliyofuata makofi yakarudi. Lakini siku moja ile ninayo.

Mwambie Salome ahsante sana, asijisumbue. Suma anatosha, na nyumba ni ndogo. Baridi ya mwaka huu asubuhi inakata masikio, walimu tunafundisha tumejifunga mablanketi kama wafungwa.

Ambwene


Namanyere
29 Julai 2024

Shemeji, shikamoo.

Tangu tumzike dada sijakuandikia, na pale msibani sikuweza kukuuliza mbele za watu.

Uliyotueleza nimeyashika. Suma alikwenda sokoni, mlango ulikuwa umerudishiwa tu, dada akawasha jiko ndani, hewa ya mkaa ikamchukua. Wazee walisema ni ajali, na padri alisema ni ajali. Wote wamelala, isipokuwa mimi.

Ukurasa ule niliuandika mimi. Wewe mwenyewe uliniambia anafanya kila ninachomwambia. Nimelifungua faili mara sijui ngapi. Neno la uani lipo. La kufungua dirisha lipo. Lakini labda nililiweka mbali, akasahau kabla hajafika. Labda nilitakiwa nisitaje jiko kabisa. Mtu gani anamwandikia mgonjwa habari za moto? Juzi Salome alinikuta nausoma kwa sauti, kwa kidole, kama yeye, ili nione ni wapi alipokosea.

Mlango wa uani uko hatua chache kutoka jikoni. Kwa nini hakutoka? Ulikuwa wazi. Kama alisoma na hakutoka, basi niliandika vibaya.

Wewe ndiye uliyemkuta. Niambie, shemeji. Ni ukurasa wangu?

Theodory


Katandala
4 Agosti 2024

Theodory,

Si ukurasa wako.

Suma hakuwa sokoni. Suma aliondoka mwezi wa tano, kabla hata hujanitumia kurasa. Modesta alimwona jikoni akadhani ni mwizi, akamkimbiza na mchi mpaka barabarani. Binti akarudi kwao na sikumtafuta mwingine. Nilijiambia kurasa zinatosha. Nilikuwa nimeichagua ile programu kwa uangalifu kuliko nilivyomchagulia mke wangu mtu wa kukaa naye. Salome alipojitolea kuja, nilikataa kwa sababu angefika na kuona.

Angeona nini? Wiki ileile Suma alipoondoka, nilirudi nikakuta nyumba tupu. Modesta alipatikana kwenye barabara ya Namanyere, miguu mitupu, anakwenda kwa mama. Mwenye bodaboda mmoja alimrudisha. Kesho yake nikanunua kufuli. Mlango wa mbele nikaufunga kwa funguo, wa uani nikautia kufuli kwa nje. Akajaribu dirishani, nikapigilia misumari. Kila asubuhi nilimwekea chai kwenye chupa, nikamfungulia ukurasa wa kwanza kwenye laptopu, nikafunga, nikaenda kufundisha watoto wa watu mito na milima. Mchana nilikuwa narudi kumtazama.

Siku ile mchana sikurudi. Kulikuwa na kikao cha walimu, kikaisha, tukabaki tunaota jua. Unanijua. Nilikuwa nawasimulia habari ya ugali wenye mabonge, na walikuwa wanacheka, na ilikuwa inanipendeza.

Nilipofika nilifungua mlango wa mbele. Laptopu ilikuwa inawaka, ukurasa wako wa baridi uko wazi. Alikuwa amevaa sweta. Niliwaambia jiko lilikuwa jikoni, lakini halikuwa huko. Lilikuwa kwenye mlango wa uani, limegusa kizingiti kwa ndani. Aliliburuta mpaka pale. Kwenye mbao za mlango kuna mahali alipiga, rangi imetoka. Na dirishani pazia lilikuwa limefungwa fundo pembeni, msumari mmoja umelegea na kupinda.

Kwa hiyo usisome tena kwa kidole kutafuta alipokosea. Neno la uani alilielewa, na la dirisha alilielewa. Alikwenda mlangoni kwanza, akakuta kufuli yangu. Akaenda dirishani akakuta misumari yangu. Baridi ilikuwa kali, na ukurasa ulikuwa na jambo moja tu lililobaki ambalo mimi sikuwa nimelifunga.

Nilimlaza kitandani. Nikazunguka uani nikafungua ile kufuli, nikaitia mfukoni mwa koti. Misumari nikaing'oa. Baada ya hapo ndipo nikapiga kelele majirani waje. Unaona nilivyo na mpangilio mzuri nikitaka. Kufuli ilikuwa mfukoni mle tulipozika. Uliponikumbatia kaburini iligonga kifua chako, ukaniuliza nimebeba nini, nikasema ni simu.

Ningeweza kuendelea hivyo. Watu wananihurumia, wananiletea uji wa ulezi, nawachekesha kidogo wanaondoka wamefarijika. Lakini umeniandikia kwamba hulali, na sababu ya kutolala ni yangu, siyo yako.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi. Waite wazee na Salome. Nitayasema haya mbele yenu kama nilivyoyaandika, kisha nitakwenda polisi, na ukitaka tutakwenda pamoja. Loth nimeshamweleza kwa simu. Alikata, hajapiga tena.

Sitaingia ndani. Nitasimama uani mpaka mtu atoke. Mkinipigia makofi, maana yake ninaijua sasa, wewe ndiye uliyenifundisha. Nitakaa kwenye kiti cha mgeni, nitasema yote, na maji mtakayonipa nitayanywa.

Ambwene